Nyota wa NBA Wanabebwa? Tafuta Kipenga Ambacho Hakikulia

Msomaji kutoka Mwanza ameuliza: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mjomba wangu tunakesha kuangalia kikapu cha NBA ya Marekani, na kila mara mechi inaishia kwenye ubishi. Yeye anasema nyota wanabebwa waziwazi kwa sababu ligi inauza majina yao. Eti Shai Gilgeous-Alexander akipulizwa na upepo tu, kipenga. Mimi namwambia huo ni wivu wa mtu ambaye timu yake imefungwa. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama kweli wanabebwa, mbona ni refa mmoja tu aliyefungwa jela?"

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kukesha. Mechi ya saa tisa usiku humlegeza hata mtu mzima akili, na ubishi wa saa hiyo huwa hauna mwamuzi. Nimepuliza kipenga miaka mingi kwenye viwanja vya saruji vya Dar es Salaam, mpaka magoti yakaniambia basi, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa upande ule unaotukanwa.

Mjomba ana haki kwamba kubebwa kupo. Anachokosea ni mahali mbeleko ilipofungwa. Yeye anahesabu mitupo huru (ile ya kurusha bila kuzuiwa baada ya faulo) anayopewa nyota. Mimi ningemwambia ahesabu faulo ambazo nyota anazicheza, halafu uwanja unakuwa kimya.

Tuanze na huyo Shai, maana ndiye anayewakosesha usingizi. Msimu wa 2024–25, alipochukua tuzo ya mchezaji bora na Oklahoma City Thunder wakatwaa ubingwa, alikuwa na wastani wa pointi 32.7 na mitupo huru 8.8 kwa mechi. Mashabiki wa Minnesota walimwimbia uwanjani kwao kwamba yeye ni mchuuzi wa mitupo huru. Wimbo mtamu, lakini kama ushahidi haufiki mbali. Shai amekuwa kwa misimu kadhaa kinara wa kupenya na mpira kuelekea kikapuni. Anakimbia, anafunga breki ghafla, mlinzi aliyekuwa anamfukuza anamvaa kwa nyuma, na hiyo ni faulo hata angekuwa kijana asiyejulikana mtaa wa pili. Anayepita Kariakoo kila siku ndiye anayekanyagwa vidole. Anayesimama nje ya mstari akirusha pointi tatu atakanyagwa na nani?

Na mitupo huru mingi si lazima iwe dalili ya kupendwa. Shaquille O'Neal, au Shaq, jitu la zamani la Lakers, aliipata kwa wingi kwa sababu alikuwa anaikosa karibu nusu, hivyo makocha wakawa wanawaagiza wachezaji wao wamvamie kwa makusudi. Tena, kwa macho yangu, alistahili mingi zaidi ya hiyo. Watu wawili walikuwa wanamning'inia mabegani, yeye anafunga hivyohivyo, na refa anasema moyoni kwamba kama amefunga basi hajaumia. Nyota mwenye mwili mwepesi anaanguka na kuonekana. Nyota mwenye mwili wa mnazi haanguki, basi haonekani.

Sasa nikueleze kinachotokea kichwani mwa mwenye kipenga, kwa sababu ndiko jibu lako liliko. NBA ina marefa watatu uwanjani tangu msimu wa 1988–89: mmoja chini ya kikapu, mmoja anaufuata mpira kwa nyuma, mmoja pembeni. Hata hivyo mguso wenyewe unapita kabla hujapepesa jicho. Mkono umegusa mpira au kiganja? Mlinzi aliruka wima au aliinama mbele kidogo? Hakuna refa anayeiona faulo nzima. Anaona kipande, kipande kingine anakijaza mwenyewe, na anakijaza kwa anachokijua tayari: fulani huwa anawahi, fulani huwa anachelewa. Wala hajisikii anapendelea. Anajisikia anaona.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Tulikuwa na mchezaji mmoja mjini, jina silitaji, mrefu, fundi, kila mtu alijua ndiye bora wa ligi. Mechi moja ya usiku alimzuia kijana wa timu pinzani chini ya kikapu, mpira ukaruka nje, watu wakashangilia, nami nikaonyesha kwamba mpira umetoka nje tu, bila wasiwasi wowote. Dakika chache baadaye yule kijana akafanya jambo lilelile upande wa pili, nikapuliza faulo bila wasiwasi wowote vilevile. Baada ya mechi kocha wake hakunitukana. Aliniletea simu yake tu, akanionyesha matukio yote mawili, akairudisha mfukoni na kwenda zake. Yalikuwa mapacha. Hakuna aliyenipa hata soda. Nililala vibaya wiki nzima.

Watanzania tuliliona jambo hili kwa kijana wetu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika drafti, yaani siku timu zinapochagua wachezaji wapya, na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyechaguliwa wa tatu. Katika msimu wa kwanza Thabeet alicheza kama dakika 13 kwa mechi, na faulo zilikuwa zinamjia upesi. Nisidanganye: nyingi zilikuwa za halali, alikuwa anachelewa nusu hatua. Lakini mtu mrefu, mgeni wa ligi, anayejulikana kuwa anachelewa, hata siku anayowahi huhesabiwa amechelewa. Harden naye alipokomaa akawa kinara wa kupata mitupo huru, kiasi cha 11 kwa mechi katika msimu wa 2018–19 alipofunga wastani wa pointi 36.1. Mmoja refa alimtarajia kugonga, mwingine alimtarajia kugongwa. Wote walitoka kwenye drafti moja, wakifuatana.

Mjomba atasema hizo ni hadithi. Basi twende kwa waliopima.

Wachumi Joseph Price na Justin Wolfers walichambua misimu 13 ya NBA, kuanzia 1991–92 hadi 2003–04, wakagundua kwamba mchezaji huandikiwa faulo nyingi kidogo marefa wa mechi wanapokuwa wa rangi tofauti na yake. Tofauti yenyewe ilikuwa asilimia chache, ila ilitosha kugusa matokeo ya mechi kadhaa. Ligi iliupinga utafiti huo vikali ulipofika magazetini mwaka 2007. Lililofuata ndilo linalonivutia zaidi: walipopima tena miaka iliyofuata, ule upendeleo ulikuwa umetoweka. Watu walewale wenye vipenga vilevile. Kilichobadilika ni kwamba sasa walijua wanatazamwa kwa jambo hilo.

Price huyohuyo, pamoja na Marc Remer na Daniel Stone, mwaka 2012 walitoa utafiti ambao mjomba wako angeubusu. Walitenganisha namna mbili za kupoteza mpira. Ipo ile inayotegemea jicho la refa, kama kutembea na mpira au faulo ya mshambuliaji, na ipo ile ambayo refa hana la kusema, kama pasi iliyonaswa na mpinzani. Timu ikicheza vizuri kweli, zote mbili zinapaswa kupungua kwa pamoja. Wakakuta kwamba ile ya jicho la refa inaegemea pande tatu: inaipendelea timu ya nyumbani, inaipendelea timu iliyo nyuma kwa pointi, na katika mtoano inaipendelea timu iliyo nyuma katika mfululizo, ambao timu mbili hukutana mpaka moja ishinde mechi nne. Yaani mambo yanayofanya mechi iwe ya kukaba roho, na mfululizo ufike mechi ya saba. Hapo biashara ya mjomba inanukia, nakubali. Lakini kunukia siyo kupikwa. Refa akiona timu inazama, binadamu ndani yake anasita kuipiga tena kichwani, na uwanja wa watu elfu kumi na tisa wanaozomea unamfikia kabla hajafikiri. Sikubali kwamba lazima awepo mtu ofisini anayempigia simu.

Ukishika pande hizo tatu mkononi, mechi zinazotajwa kila siku kama ushahidi wa nyota kubebwa zinabadilika sura. Chukua ile ya Mei 31, 2002, fainali ya kanda ya Magharibi, mechi ya sita, Lakers na Sacramento Kings. Lakers walipewa mitupo huru 27 katika robo ya nne peke yake, ilhali robo tatu za kwanza zote walikuwa na 13. Wakashinda 106 kwa 102. Mike Bibby wa Kings alipigwa kiwiko cha pua na Kobe Bryant dakika za mwisho, na faulo ikaandikwa kwa Bibby. Hata leo nikiitazama ile robo ya nne, shingo inanikaza. Lakers walikuwa na Shaq na Kobe, ni kweli. Lakini pia walikuwa nyumbani Los Angeles, na walikuwa nyuma kwa mechi 3 kwa 2.

Au fainali ya 2006, Dwyane Wade wa Miami alipopiga mitupo huru 97 katika mechi sita. Kwenye mechi ya tano alirusha 25 peke yake, idadi ileile ya timu nzima ya Dallas Mavericks, na ile ya mwisho ndiyo iliyowapa ushindi wa 101 kwa 100 katika muda wa nyongeza. Mmiliki wa Dallas, Mark Cuban, alifoka mpaka akatozwa dola 250,000. Hiyo nayo ilichezwa Miami. Mimi naamini faulo ile ya mwisho ilikuwa nyepesi mno. Ila Wade siku zile alikuwa anaingia kikapuni kama maji ya mafuriko, na Dallas walikuwa hawana mtu wa kumzuia bila kumshika.

Kuna moja inayogoma kuingia kwenye kapu hilo, nami siwezi kuificha. Juni 14, 1998, mjini Salt Lake City, sekunde chache zimebaki, Michael Jordan wa Chicago Bulls anambadilishia mwelekeo Bryon Russell wa Utah Jazz, mkono wake wa kushoto unamgusa Russell kiunoni, Russell anateleza, Jordan anafunga. Bulls 87, Jazz 86, ubingwa wa sita. Jordan alikuwa ugenini. Mashabiki wote walikuwa dhidi yake na kipenga hakikulia. Wengine husema Russell alikuwa ameshapoteza mizani mwenyewe, na nikiirudisha picha polepole naona kweli mguso haukuwa mzito. Lakini jiulize, mchezaji wa akiba angefanya vile kwa mkono uleule, uwanja uleule? Hapo mjomba ana pointi yake, mpe.

Wewe nawe una zako. Mwaka 1994 Jordan alipokuwa amestaafu, nyota wa Bulls alikuwa Scottie Pippen. Mechi ya tano dhidi ya Knicks, New York, Bulls wanaongoza kwa pointi moja, sekunde mbili na nukta zimebaki, refa Hue Hollins akampulizia Pippen kwa kumgusa Hubert Davis ambaye mpira ulikuwa umeshamtoka mkononi. Knicks wakashinda 87 kwa 86. Aprili 2007, Tim Duncan, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwaona wakicheza, alitolewa nje na refa Joey Crawford kwa kosa la kucheka akiwa amekaa benchi. Crawford akasimamishwa kwa muda wote uliobaki wa msimu. Na Januari 28, 2023, LeBron James wa Lakers alikwenda kufunga la ushindi Boston, Jayson Tatum wa Boston akampiga mkono wazi kabisa, marefa watatu wakanyamaza. Lakers wakapoteza 125 kwa 121 katika muda wa nyongeza, na chama cha marefa kikakiri hadharani kwamba walikosea. Patrick Beverley, mwenzake LeBron, alikuwa amechukua kamera ya mpiga picha kumwonyesha refa, akaambulia faulo ya kiufundi. Matukio yote matatu, nyota alikuwa ugenini. Ukitaka kujua jina na zomeazomea kipi kina nguvu zaidi, hapo una pa kuanzia.

Swali lako la jela. Refa huyo ni Tim Donaghy, aliyechezesha NBA misimu 13. Agosti 2007 alikiri makosa mawili ya serikali kuu ya Marekani, yote ya kamari: alikuwa akibeti mechi, zikiwemo alizochezesha mwenyewe, na kuwapa wacheza kamari siri za ndani. Julai 2008 akahukumiwa miezi 15. Alidai kupitia mawakili wake kwamba kulikuwa na mechi nyingine zilizopangwa, na maelezo yake yalifanana na ile ya 2002. Ligi ilikana, na hakuna aliyeshtakiwa kwa hilo. Ripoti ya wakili Lawrence Pedowitz, iliyotoka Oktoba mwaka huo, haikukuta refa mwingine aliyebeti mechi za NBA wala kuvujisha siri, ingawa ilikuta wengi waliovunja kanuni za ligi kuhusu kamari kwa mambo madogomadogo.

Angalia lakini, Donaghy hakufungwa kwa kumbeba nyota. Alifungwa kwa fedha. Ningeshtakiwa kwa kifungu gani mimi, kwa yule kijana wa Dar? Kupendelea bila kujua hakuna polisi. Ndiyo maana wengine hawajafungwa, na ndiyo maana wachezaji wenyewe hawaishi kushuku. Machi 2024 Rudy Gobert, mchezaji wa Minnesota, alisugua vidole mbele ya refa kuonyesha noti, ikamgharimu dola 100,000.

Biashara ya mjomba ina tundu jingine. Marefa wa NBA hupimwa kila uamuzi, na wenye alama nzuri ndio wanaopangiwa mtoano, ambako kuna fedha na heshima. Refa anayebeba nyota hovyo anajinyima mechi zake mwenyewe. Tangu Machi 2015 ligi hutangaza kesho yake ripoti ya dakika mbili za mwisho kwa mechi zilizokaribiana, kosa kwa kosa, pamoja na yale ambayo hayakupulizwa. Ni ujasiri, ila ina kasoro mbili: dakika 46 za kwanza haziguswi, na matokeo hayabadiliki. Ni kama kupewa risiti ya mfuko ulioibiwa. Tangu 2019–20 kocha anaweza kupinga uamuzi na picha zikarudiwa. Lakini sikiliza: anapinga kipenga kilicholia. Kilichonyamaza hana pa kukipinga moja kwa moja. Mwaka 2021 wakawazuia washambuliaji kuruka upande au nyuma kwa makusudi ili wamgonge mlinzi na kulilia faulo, na wiki za mwanzo za msimu huo ulikuwa unamwona Harden ameinua mikono, anamtazama refa kama mtu aliyefungiwa duka lake.

Kwa hiyo mimi nikae wapi? Jina linabeba, kidogo, na linabeba zaidi upande wa ulinzi kuliko wa kufunga. Nyota mwenye faulo nne au tano (ya sita humtoa mchezoni) anatendewa kama bibi harusi. Nawajua marefa, na ninajijua mimi. Kumtoa mtu ambaye uwanja mzima umelipa kumwona ni jambo linalofanya pumzi igande kwenye kipenga. Wilt Chamberlain, nyota wa zamani, alicheza mechi 1,045 za msimu wa kawaida na nyingine 160 za mtoano, akitumia karibu dakika zote uwanjani, na hakuwahi hata mara moja kutolewa kwa faulo sita. Marefa walimbeba? Huenda. Lakini wenzake walisema pia kwamba akifika faulo ya nne alikuwa anaacha kuzuia kwa nguvu, anainua mikono na kumpisha mtu. Abebwaye hujikaza.

Mjaribu jambo hili mechi ijayo. Msihesabu mitupo huru, hiyo imeshahesabiwa na runinga. Chukueni daftari, mchague nyota mmoja na mlinzi mmoja wa kawaida wa timu pinzani, na kila mmoja wao anapomgusa mtu akiwa anazuia, wekeni alama: kimelia, au hakikulia. Andikeni pembeni ni nyumbani au ugenini, na nani anaongoza. Wewe umwandikie nyota, mjomba amwandikie yule wa kawaida, ikifika mapumziko mbadilishane. Mechi moja haitatosha, fanyeni kumi. Halafu nitumie daftari hilo, nami nitakuonyesha ni alama zipi kati ya hizo nisingeziona ningekuwa mimi pale chini ya kikapu.